Mama, kula hapana zambi

Mwezi huu tuongee juu ya kitu chenye watu wengi wa Butembo na Beni wanabeba mu moyo bila kukisema: kosa lenye mutu anasikia kisha kula. Sisemi juu ya njaa. Ile tunaijua wote, na tutaifikia. Nasema juu ya mutu mwenye munganga alimuambia apunguze kilo, na tangu siku ile kila tonge analimeza pamoja na hukumu.

Unajua vile inaanzaka. Unaenda ku hospitali juu ya kichwa kuuma ao miguu kuvimba. Wanakupima tansio, wanakupandisha ku mizani, wanatoboa kidole ili kuangalia sukari. Kisha munganga anasema: "Mama, uko na uzito mingi. Punguza kula, acha mafuta, acha chumvi, acha fufu ya magaribi." Dakika tano tu, na mugonjwa mwingine anaingia. Unarudi ku nyumba na karatasi mu mukono. Magaribi unakuta sahani mu katikati, fufu ya moto, sombe ya mawese, samaki ya Kyavinyonge, na watoto wanakungojea. Unakula. Usiku haulali. Moyo unakushitaki: "Nimedanganya munganga. Niko mutu wa tumbo tu." Na wengine wanasema wazi: "Nimetenda zambi."

Kuko zambi ya ulafi, sikatai, na mapadri na wachungaji watakufundisha juu yake kunishinda. Lakini ulafi ni kula bila kufikiri mwingine, ni kunyanganya, ni kumaliza cha watoto. Mama mwenye aliamuka saa kumi na moja, akafagia, akaenda ku soko na kikombe kimoja cha chai mu tumbo, akakaa mbele ya meza yake ya biashara mpaka jua kushuka, na sasa anakula fufu kwa hamu, ule hapana mulafi. Ni mutu mwenye njaa. Mwili wake unafanya kazi yake.

Ile kazi ya mwili ilipimwa zamani. Ku mwisho wa Vita ya pili ya dunia, mu mwaka 1944 na 1945, mutafiti Ancel Keys wa chuo kikubwa cha Minnesota, kule Marekani, alikusanya vijana wanaume 36 wenye afya nzuri. Walikuwa watu wenye walikataa kubeba bunduki juu ya zamiri yao, na wengi walitoka mu makanisa yenye kufundisha amani. Walijitolea kusikia njaa ili waganga wajue namna ya kusaidia watu wenye vita iliwaacha bila chakula. Kwa wiki 24 walipewa karibu nusu ya chakula chenye walizoea. Walikonda, ndiyo. Lakini ona kitu kingine chenye kilitokea: vichwa vyao vilijaa chakula. Walisoma vitabu vya mapishi sawa vile wengine wanasoma magazeti. Walilamba sahani. Wengine walishindwa, wakakula kwa kificho. Na wakati waliachiliwa kula tena, kuko wenye walikula mpaka kupita kipimo, na bado wakasema njaa haijaisha.

Wale hawakuwa watu wa roho zaifu. Walikuwa watu wenye walisimama mbele ya serikali yao na kusema hapana. Kama njaa iliwatendea vile, wewe mama mwenye kuruka chakula cha asubui na cha saa sita ili "kusaidia mwili", usishangae kama magaribi unakula kwa nguvu.

Jaribio lingine, la mwaka 1975, linanifundisha zaidi. Watafiti Herman na Mack, tena kule Marekani, walichukua wanafunzi wanawake. Wengine waliwapa kwanza maziwa baridi ya sukari mingi, wengine hawakupewa kitu. Kisha waliweka krema ya baridi mbele ya wote, kila mumoja akule yenye anataka. Wale wenye hawakuzoea kujinyima, kama walikunywa maziwa, walikula krema kidogo. Tumbo ilikwisha kupata. Lakini wale wenye kujinyima kila siku, kama walikunywa maziwa, walikula krema zaidi kuliko wenzao wa kujinyima wenye hawakukunywa! Juu ya nini? Sababu sheria yao ilikwisha kuvunjika. Mutu anasema mu moyo: leo nimekwisha kuharibu, basi nimalize, nitaanza kesho.

Hapa kwetu krema ni ya wachache. Lakini ile "nitaanza kesho" tunaijua sana. Ndazi moja ya asubui ku barabara, kisha ya pili, kisha "siku imekwisha kuharibika", na magaribi mutu anakula sawa vile anaaga chakula. Hapana ndazi ya kwanza yenye ilimushinda. Ni hukumu yenye ilifuata.

Pande mbili zinakukamata

Mu miji yetu jambo hili ni nguvu zaidi kuliko kwa Wazungu, juu hukumu inatoka pande mbili. Munganga anasema punguza. Mutaa unasema ongeza. Mwanamuke mwenye kukonda, majirani wanauliza: bwana hamulishi? Ao ni ile ugonjwa? Mwanaume mwenye tumbo anaitwa patron mbele hajafungua mulango wa magazini. Ukila, uko na kosa ku hospitali. Usipokula, uko na kosa kwa mama mukwe.

Ndiyo maana ku soko wanauza dawa za pande zote mbili. Kuko wasichana wenye kumeza dexamethasone ao cyproheptadine ili wapate mwili. Dexamethasone ni dawa ya kweli, inaokoa watu ku hospitali, lakini yenye kumezwa ovyo inapandisha sukari na tansio, inavimbisha uso, na baada ya kuizoea, kuiacha kwa gafula kunaweza kukuangusha. Na wamama wengine wananunua chai ya kukausha tumbo, ao wanajipiga bomba kila juma. Bomba inatoa maji na mavi. Mafuta ya mwili haiyagusi hata kidogo.

Sasa nyinyi watu wa migodi, musikie hii. Mwanaume mwenye anachimba zahabu upande wa Manguredjipa anashuka mu shimo, anavunja jiwe na nyundo, anabeba mufuko ku mabega, anapanda mulima. Fufu yake kubwa na maharagi ni ya haki. Mwili unaichoma yote. Kisha miaka fulani anapata bahati. Anaanza kununua zahabu ya wengine, anafungua duka mu Butembo. (Butembo wenyewe ni mutoto wa madini: kampuni MGL ilifungua kituo pale mu miaka ya 1920.) Sasa anakaa ku kiti tangu asubui. Hata kwenda ku kona anapanda moto. Saa sita anakunywa bia na wateja, na chupa moja kubwa ya santilita 72 inaleta kalori karibu 300. Lakini sahani yake imebaki ile ya shimo. Na bibi yake, mwenye zamani alipanda milima na kitunga ku mugongo, yeye pia sasa anakaa nyuma ya meza ya biashara.

Hakuna mwenye alitenda zambi pale. Kazi ilibadilika, sahani haikubadilika. Ukiona jambo namna ile, halihitaji machozi. Linahitaji sahani ingine.

Na tusidanganyane kwamba uzito ni alama ya utajiri tu. Mutu mwenye kukimbia Eringeti ao Mbau na kufika Beni bila kitu, anakula chenye kuko: fufu, fufu, na chai ya sukari. Mboga za majani na samaki ni bei. Mutu anaweza kuwa masikini na mwili ukawa muzito, damu ikawa kidogo na tansio ikawa juu. Tena mwenye aliwahi kulala njaa siku nyingi mu pori, akipata chakula anakula haraka na anaficha kingine chini ya nguo. Musimucheke. Mwili wake bado unakimbia.

Hatari yenye hatuisemi

Nafika ku jambo lenye lilinifanya nichague habari hii. Kujisikia na kosa hakuishii mu moyo. Kunaweza kuua.

Tuseme mama iko na ugonjwa wa sukari. Siku ya posho alienda ku arusi, akakula wali, nyama, keki, akakunywa sikre mbili. Siku ya yenga asubui moyo unamushitaki. Anasema: leo sitakula kitu, nilipe kosa la jana. Lakini tembe lake anameza, juu anataka kutii munganga. Kama tembe lile ni glibenclamide, ao kama anajidunga insulini, ile dawa inashusha sukari ya damu hata kama tumbo ni wazi. Sukari inashuka mpaka chini ya kipimo. Anaanza kutoka jasho baridi, mikono inatetemeka, moyo unapiga mbio, anaongea maneno yenye haieleweki. Watu wa nyumba wanafikiri ni malaria ao mashetani. Anaweza kuanguka, na anaweza kufa.

Ukiona alama zile kwa mutu wa dawa ya sukari, na bado anaweza kumeza, umupe mara moja vijiko vidogo vitatu ao vine vya sukari mu maji, ao nusu glasi ya sikre. Ungoje dakika 15. Kama haijapita, rudilia. Kisha akule chakula cha kweli. Kama amezimia, usimumwangie kitu mu kinywa, kitaingia mu mapafu; mukimbize ku hospitali. Metformine peke yake haileti hatari ile kwa urahisi, lakini wengi wanameza zote mbili. Basi uulize jina la dawa yako na uliandike.

Kwa hiyo, mutu wa dawa ya sukari asilipe chakula cha jana na njaa ya leo. Hata Kwarezima haimulazimishi. Kwa Wakatoliki, Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 (kanuni 1252) inaweka kufunga kwa wenye miaka 18 mpaka mwanzo wa mwaka wao wa 60, na mugonjwa hafungwi nayo. Wandugu zetu Waislamu pia, Kurani yao inamuachia mugonjwa (sura ya 2, mustari 185). Kama Kanisa na musikiti wanakuachilia, wewe unajifunga juu ya nani?

Hatari ya pili inaenda polepole, na inaua watu wengi zaidi. Ni kuruka randevu. "Kilo hazikushuka. Nikienda, munganga atanigombeza. Ngoja nipunguze kwanza, kisha nitaenda." Mwezi unapita, miezi mitatu inapita. Dawa ya tansio imekwisha. Mutu hasikii maumivu, juu tansio haipigi hodi. Siku moja asubui anaamuka na upande mumoja umekufa, mudomo umepinda. Mama ule hakushindwa na fufu. Alishindwa na haya.

Nenda hata kama kilo zimepanda. Sema: "Munganga, nilikula, sikuweza." Ile neno inamusaidia kuliko uongo, sababu kama unamuambia unafuata kila kitu na tansio iko bado juu, anaweza kuongeza dawa yenye hukuhitaji. Na nyinyi waganga na mafurmie wenye kusoma hapa, ruhusa niseme neno: mugonjwa mwenye mulimugombeza mbele ya wengine, hamutamuona tena. Mumuulize alikula nini, na ni nani anapika ku nyumba yake, na makuta ya siku ni ngapi. Ile inatosha kwa mara ya kwanza.

Sahani yenyewe

Sasa mutaniuliza: basi tukule tu? Hapana. Uzito wenye kupita kipimo unaleta sukari, tansio, maumivu ya magoti, na hatuwezi kuufunika na maneno matamu. Chukua mita ya fundi wa nguo, uzunguke tumbo ku kitovu. Kwa mwanamuke, zaidi ya santimita 80 hatari inaanza, na zaidi ya 88 imekuwa kubwa. Kwa mwanaume ni 94 na 102. Mizani pia inasaidia: mutu wa mita 1,60 anaanza kupita uzito muzuri ku kilo 64, na ku kilo 77 waganga wanauita unene wa ugonjwa.

Lakini sikia habari njema, juu wengi wanafikiri wanapashwa kurudi sawa vile walikuwa siku ya ndoa. Hapana. Kupunguza sehemu 5 ku 100 kunatosha kuanza kushusha tansio na sukari. Kwa mutu wa kilo 90 ni kilo inne na nusu tu. Mu mwaka 2002 Wamarekani walitoa matokeo ya utafiti juu ya watu wenye sukari ilikuwa karibu kuwa ugonjwa. Waliwapa kusudi mbili: kupunguza sehemu 7 ku 100 za uzito, na kutembea ao kufanya mazoezi dakika 150 kwa juma. Kwa karibu miaka tatu, wale walipata ugonjwa wa sukari sehemu 58 ku 100 chini kuliko wenzao wenye hawakusaidiwa namna ile. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Na milima ya Butembo haihitaji kulipa. Uachilie moto njia ya kwenda. Ya kurudi na mizigo, panda.

Mu nyumba, kitu cha kwanza chenye ningebadilisha ni ile sahani moja ya wote. Ni nzuri kwa upendo, lakini hakuna mwenye anajua amekula ngapi, na mwenye kula polepole anaona wengine wanamaliza, anaongeza mbio. Mugonjwa akule mu sahani yake, pamoja na wote, ku meza ile ile, chakula kile kile. Musimupikie sufuria yake pembeni sawa mutu wa kuambukiza! Nusu ya sahani iwe mboga: lengalenga, shu, karoti, biringanya, poro, vyenye milima ya Lubero inatushushia. Fufu iwe sawa ngumi yake moja. Pembeni maharagi ao samaki. Fufu, obundu yetu, haifukuzwi. Munganga mwenye anaambia Munande "acha fufu kabisa" anajitafutia uongo. Inakuwa ndogo, na inakula na mboga nyingi.

Mafuta, usimwange na chupa. Upime na kijiko, juu kijiko kimoja kikubwa cha mawese kiko na kalori karibu 120, na sombe inakunywa mawese bila kusema asante. Sikre ya santilita 33 iko na sukari karibu gramu 35, ni karibu vijiko vidogo tisa. Ungeweza kweli kuvitia tisa mu chai yako? Makayabo ulowanishe usiku muzima, ubadilishe maji mara mbili ao tatu. Chumvi ya mutu mumoja kwa siku isipite gramu 5, kijiko kimoja kidogo, na ile ya kibe cha mboga imo ndani ya hesabu.

Na ukule asubui. Naandika hii kwa wamama wa soko zaidi. Uji bila sukari mingi, ao ndizi ya kupika na maharagi ya jana. Mutu mwenye alikula asubui na saa sita, magaribi anakuja ku meza sawa mutu, haiko sawa simba.

Kuko pia mabaki ya watoto. Mama anakusanya sahani, anaona nusu tonge hapa, kichwa cha samaki pale, anamaliza vyote akisimama, sababu "kutupa chakula ni zambi". Kisha anasema: mimi nakulaka kidogo tu, sijui kilo zinatoka wapi. Zinatoka pale, mama. Upike kidogo, uwatilie watoto kidogo, waongezewe kama wanaomba. Chenye kimebaki mu sufuria kifunikwe kwa asubui, na kipashwe moto mpaka kuchemuka. Cha mu sahani ni cha kuku na nguruwe.

Mbele ya wenye njaa

Nilisema tutafikia njaa. Tangu Oktoba 2014 mauaji mu teritwari ya Beni yamekimbiza watu wengi, na nyumba nyingi za Beni, Oicha na Butembo zimepokea wageni wenye hawakuwa na siku ya kurudi. Basi namna gani mama aseme "mimi napunguza chakula" mbele ya mwenzake mwenye alifika na mutoto ku mugongo na hana hata sufuria? Anasikia haya. Anasikia haya kukula, anasikia haya kuacha. Wengine wanamaliza sahani juu ya ile: "watoto wa wenzetu wanalala njaa, mimi niache chakula?"

Haya ile inatoka mu moyo muzuri, sitaicheka. Lakini tuifuate mpaka mwisho. Ukimaliza sahani yako na tumbo imekwisha kujaa, mutoto wa mukimbizi hakushiba. Ukijinyima mpaka kuanguka, hakushiba pia, na sasa kuko mugonjwa mu nyumba. Mahali pa kumufikiria ni mbele ya moto, wakati bunga bado ni bunga. Kama zamani ulipika makopo inne na sasa nyumba inakula tatu, kopo la nne liko. Uliweke mu mufuko pembeni, kila siku. Ku mwisho wa juma ni makopo saba, na ule mama anajua namna ya kuyapika mwenyewe, kwa saa yake, kwa watoto wake, bila kungojea mabaki ku mulango wa mutu.

Na kama ni wewe mwenye ulikimbia, na sasa umepata kazi kidogo na mwili umeongezeka, na watu wanasema "mukimbizi amenenepa", usijibu na kufunga kula. Nenda wapime tansio, ni kitu cha dakika mbili.

Mama mukwe pia hatujamumaliza. Ukimufikia na amepika kwa ajili yako, usiseme "munganga alinikataza", juu atasikia chakula chake kinaitwa sumu. Kula mboga kwanza, na usifu. Akikuongezea fufu, umuambie: "Mama, asante, imenifika. Kama unakubali, nitabeba kidogo kwa watoto." Wengi watafurahi kuliko kama ungekula mara mbili. Kwa kilio ni ile ile: unaonja, unakaa na watu, unaongea na wafiwa.

Ile siku yenye utapita kipimo itakuja, Noeli haiko mbali na yeyote. Ukule, ufurahi, umeze dawa zako sawa siku zote, na kesho yake asubui ukunywe uji wako kwa saa ile ile. Lakini kama unaona kila juma unakula kwa kificho mpaka tumbo kuuma, kisha unajitapisha ao unajipiga bomba ili kutoa, ile imekuwa ugonjwa wenyewe. Hapana tabia mbaya. Tafuta munganga ao furmie mwenye unamuamini, na umuambie vile iko, hata kama ni kwa kuandika ku karatasi.

Mwezi wenye kuja tutaongea juu ya tansio ya wamama wenye mimba, na juu ya nini miguu kuvimba haipashwi kungojewa. Mwenye maswali ayaandike na kuyapa mukubwa wa jumuia yake, yatatufikia.